Uzi wa Kioo Kwenye Migomba

Binti yangu Anneth alifia Uswidi mwezi wa tisa, akazikwa hukohuko mwezi wa kumi. Nalitanguliza hili usije ukasoma ukitumaini kwamba mbele kuna mahali anapona.

Kwetu Nkoaranga mtu akifa mwanzo wa wiki, kabla ya Jumapili ameshalala kwenye migomba yake. Kule marehemu hukaa kwenye ubaridi wiki baada ya wiki, mpaka kanisa lipate nafasi na ndugu wapate ruhusa kazini. Mkwe wangu Henrik alinieleza hayo kwa simu, na Brenda, binti yao, akawa anatafsiri. Brenda yuko sekondari. Kiswahili alifundishwa na mama yake jikoni, kwa hiyo majina ya vyakula anayajua sana, ila maneno ya msiba hakuwa nayo. Baba yake aliposema jeneza, yeye aliniambia "sanduku la Mama".

Anneth mwenyewe ndiye aliyetaka azikwe kule, mahali ambapo mtoto wake ataweza kwenda kwa miguu. Nilipoambiwa nilisema sawa. Ningesema nini? Nimnyang'anye mtoto kaburi la mama yake?

Niliomba kitu kimoja tu. Katika ukoo wetu, mtoto akitangulia na mama yake bado yuko hai, mama ndiye humwita kwa mara ya mwisho. Humwita kwa jina la nyumbani, siyo la ubatizo, wakati jeneza liko juu ya kaburi na udongo haujaanguka. Humwambia, "Mama yako yuko hapa. Nenda salama." Ni maneno machache hivyo tu, lakini yasiposemwa tunahesabu kwamba mtu ameondoka bila kuagwa. Jina la nyumbani la Anneth ni Ndekirwa, maana yake nimeokolewa. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo, kichwa kama parachichi dogo, na manesi wakamzungushia pamba na chupa za maji ya moto. Siku alipolia kwa nguvu nilimpa jina hilo palepale kitandani.

Henrik alikubali bila ubishi. Wataweka kompyuta ndogo juu ya kiti kando ya kaburi, na spika. Mchungaji wao akimaliza sala atanyamaza, nami nitasema. Nitawaona, nao watanisikia.

Taabu ilikuwa kwetu huku. Nyumba yangu iko bondeni, mlima umeikumbatia huku na huku. Simu hushika pale kwenye kona ya zizi, nayo kwa kukatikakatika. Ukijaribu picha, mtu anaganda mdomo wazi kama amekabwa na mfupa.

"Si uende kwa Nancy Engutoto?" aliniuliza Tekla, jirani yangu, akichambua mchele kwenye ungo. Nancy ni binti ya dada yangu, anakaa mjini. "Kule mtandao ni bwerere, wanauoga."

"Mama wa marehemu anatoka kwenye msiba wake anaenda kwenye msiba upi, Tekla?"

"Aa, mimi nimesema tu."

"Na baba yake amelala hapo nyuma ya mbuni ule. Nataka sauti itokee hapa."

Na nyonga yangu pia ilikuwa bado mbovu tangu nilipoteleza kwenye mvua. Kile kijia cha kupanda barabarani ningekipandaje?

Basi mjukuu wangu Yoeli akasema ataniletea mtandao mpaka mlangoni. Yoeli ni mtoto wa mwanangu mkubwa, mtu mzima mwenye familia yake, na kazi yake ndiyo hiyo, kufunga mitandao maofisini huko Arusha. Ofisi ya chama chetu cha kahawa, kule juu barabarani, ilikuwa imeshafikiwa na mtandao, na katibu akaruhusu tuchukue kwake.

Alifika na pikipiki, maboksi yamefungwa nyuma.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba baba. Umekonda."

"Nimekonda wapi, Bibi, suruali hazifungi." Akanikumbatia, akakaa hivyo kidogo, mabega yakimtikisika. Anneth alikuwa shangazi yake, ndiye aliyemsomesha. Kisha akajifuta, akamwaga nyaya zake mezani.

Mimi napenda kujua kitu kilivyo ndani. Nilimwambia anionyeshe kimoja kimoja. Wa kwanza ulikuwa wa bluu. Akauchuna ngozi kwa kisu, ndani mkatoka nyaya nane nyembamba za shaba, kila moja na rangi yake, zimesokotwa mbili mbili kama nywele za mtoto wa shule.

"Kwa nini zimesokotwa?"

"Zisiingiliane, Bibi. Waya ukibeba ujumbe unapiga kelele, na wa jirani unasikia. Ukizisokota, kelele ya huu inaua kelele ya ule."

"Basi tumia huu, ni mzuri."

"Mzuri ndani ya nyumba. Huu ukivuka mita mia unachoka. Mpaka ofisi ya kahawa ni mbali mno."

Nikamwuliza kuhusu ule mweusi wa dishi, unaoshuka kutoka paani. Ule naujua, mzee wangu aliufunga mwenyewe wakati televisheni ilipoingia. Katikati una shaba moja nene, juu yake plastiki nyeupe, juu yake wavu wa nyuzi za chuma, ndipo ngozi. Yoeli akasema ule unakwenda mbali kuliko wa bluu, lakini vifaa vyake hana, tena ni shaba vilevile, na mlima huu una radi.

"Radi ikipiga kule juu, Bibi, shaba inakuletea mpaka sebuleni."

"Na wezi nao," akadakia Tekla, ambaye alikuwa ameacha ungo wake kusikiliza. "Shaba watakuvunia kabla hujamaliza kufunga."

Ndipo Yoeli akafungua boksi la mwisho. Waya mweupe bapa, mwembamba kama tambi. Akaupasua. Pembeni mlikuwa na nyuzi mbili ngumu za chuma, na katikati, ilibidi nivae miwani, unywele. Kweli, unywele, unaong'aa.

"Hiki ni kioo," akasema. "Humu haupiti umeme, unapita mwanga. Unaingia kule barabarani, unatokea hapa, hauchoki."

"Kioo kinapindaje?"

"Kinapinda kwa upole tu. Ukikikunja kama karatasi kinavunjika ndani, na ngozi ya juu inabaki nzima. Huoni kitu."

Tekla akacheka. "Kama mume wangu alivyokuwa. Nje mzima!"

Tulicheka wote watatu, na mimi nikaona aibu kwamba nimecheka.

Kesho yake Yoeli aliutandaza. Alishuka nao kutoka ofisi ya kahawa, akauvusha juu ya mfereji, akaupitisha kwenye migomba ya Tekla, kisha kwenye yangu, akiushikiza kwenye miti kwa kulegeza. Karibu na mlango, pale kijia kinapoingia uani, aliacha urefu wa ziada, akauzungusha pete kubwa kama ya gurudumu la baiskeli, akaitundika kwenye mgomba. Nilimwuliza kwa nini asikate. Akasema mafundi huacha akiba siku zote, kwa ajili ya matengenezo. Mwisho wa uzi akaweka kisanduku chenye taa ya kijani, na kutoka kwenye kisanduku mpaka kwenye kompyuta akatumia kile kipande cha bluu, kwa sababu hapo ni karibu.

Brenda akatokea. Alikuwa mkubwa kama dirisha, na hakuganda.

"Bibi! Naona kuku!"

"Unaona kuku, mimi hunioni?"

"Nakuona! Umevaa kitenge cha Mama."

Ni kweli, Anneth alinitumia kile kitenge. Nikamwonyesha Brenda nyumba yote, zizi, jiko la kuni, kaburi la babu yake. Yoeli alinifuata na kompyuta mikononi mpaka pale kipande cha bluu kilipoishia. Usiku ule nililala.

Siku ya maziko watu walianza kufika tangu asubuhi. Turubai lilikuwa limefungwa, wanawake wa jumuiya wako kwenye masufuria, makande, ndizi, loshoro ya mahindi na maziwa mgando. Shemeji yangu Sumari, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye aliyeshika msiba. Kwetu mshika msiba ndiye mwenye kijia. Anafagia tangu barabarani, anakata matawi yanayogusa watu, anaondoa mawe, maana mgeni akijikwaa kwenye msiba ni fedheha ya ukoo mzima. Sumari ni mzee sasa, mgongo umepinda, lakini kazi hiyo hakumpa mtu. Alifagia mpaka udongo ukaonekana umechanwa kwa kitana.

Saa nane kasoro tukakaa. Kompyuta mezani, juu ya kitambaa cheupe, mimi mbele yake, Mchungaji wetu kuume kwangu. Kule tuliona majani ya njano yameanguka chini, watu wamevaa makoti meusi, hawakuwa wengi. Na jeneza, la mbao nyeupe, lenye maua madogo. Nilifikiri, kumbe ni dogo hivyo. Brenda alisimama karibu nasi kabisa, nikaona kifungo kimoja cha koti lake kimelegea, uzi unaning'inia. Hakuna aliyemwona akakishona.

Mchungaji wao akaanza kusoma. Lugha yao sikuijua, ila mahali pa sala nilipatambua kwa sauti.

Wakati huo Nancy na wenzake walikuwa wanashuka kutoka barabarani. Walichelewa, gari lilipata pancha Tengeru. Haya nilikuja kusimuliwa. Nancy alivaa viatu vya kisigino, na alipofika uani kisigino kikanasa kwenye ile pete ya waya, ambayo upepo ulikuwa umeiteremsha mpaka karibu na chini. Akapiga magoti. Hakuumia. Lakini Sumari alimwona mgeni ameanguka kwenye kijia chake.

Akafanya alivyozoea kufanya maisha yake yote na kitu kinachotawanyika njiani. Aliishusha ile pete, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akaweka goti juu yake kama anavyokandamiza mzigo wa majani ya ng'ombe, akachana kamba ya gome kavu la mgomba, akaifunga, akaivuta kwa meno, fundo likakaza. Akauegemeza mzigo wake mdogo kwenye shina, nadhifu kabisa. Kisha akavua kofia, akaja kusimama nyuma yangu.

Mchungaji wa kule alikuwa amefunga kitabu. Wanaume wanne walishika kamba. Nikavuta pumzi.

Brenda akaganda, mkono wake ukiwa shavuni. Halafu akapotea, kukabaki weusi, na katikati ya weusi nikajiona mimi mwenyewe na kitenge changu.

"Yoeli," nikasema.

Alikuwa ameshainama kwenye kisanduku. Taa ya kijani ilikuwa imekuwa nyekundu. Akakimbia. Nilimsikia akipiga kelele kule migombani, "Nani amekata? Jamani, kuna mtu amelima hapa?" Vijana wakamfuata, wakashika waya wakiupapasa mpaka mferejini, mpaka barabarani. Haukukatika popote. Akapiga simu ya Brenda, ikaita tu. Ya Henrik, ikaita tu. Simu zao walikuwa wamezizima sauti, kwa heshima ya marehemu. Akajaribu picha kwa simu yake kwenye kona ya zizi, ikazunguka, ikazunguka.

Watu wote chini ya turubai walinitazama. Mchungaji akaninong'oneza, "Mama, sema tu. Mungu atalifikisha."

Lakini nisemee wapi? Sikujua kama bado yuko juu au ameshashuka. Nikisema mapema, je, wakikawia? Nikichelewa, si udongo umeshaanguka? Nilikaa na jina mdomoni, nikakitazama kile kioo cheusi, nikangoja picha irudi. Nilingoja mpaka nikasikia masufuria yanafunuliwa, nikajua wanawake wameshahesabu kwamba imekwisha.

Yoeli alirudi akihema. Akachukua kitu kama kalamu, akapanda nacho, akakichomeka kwenye ncha ya uzi kule ofisi ya kahawa, akashuka tena akiangalia. Kile kikalamu hutoa mwanga mwekundu, na mahali kioo kilipovunjika mwanga huvuja nje. Alifika uani, akasimama mbele ya ule mzigo mdogo. Akavua koti, akaufunika usipate jua, akachungulia. Mimi nilikuwa nimeletwa kwa mkongojo, nikachungulia pia. Chini ya kamba ya mgomba, mle kwenye mkunjo, palikuwa na wekundu, mdogo, umetulia.

"Nani amefunga hii?" Yoeli aliuliza polepole.

"Mimi," akasema Sumari. "Ilimwangusha mgeni. Sikukata, mjukuu wangu. Angalia, sikukata. Ni nzima."

Yoeli akafungua mdomo. Nikamshika mkono. Akaufunga.

Sumari alipiga magoti kufungua fundo lake. Lilikuwa limekaza, vidole vyake havina nguvu tena za kufungua alichofunga. Alilichokonoa na kulichokonoa, na hakuna aliyethubutu kumwondoa pale. Mwishowe alikaa chini kwenye udongo aliokuwa ameufagia, na kofia mkononi. Chakula alikataa. Jioni akaondoka bila kuaga.

Mashine ya kuunganisha kioo ilikuwa Makumira na mafundi wenzake Yoeli, ikaletwa na bodaboda watu walipokuwa wanakula. Ni kisanduku kama redio. Fundi anakata palipovunjika, analaza ncha mbili, zinayeyushwa kwa cheche, zinakuwa kitu kimoja. Taa ikarudi kijani. Brenda alipopatikana alikuwa nyumbani kwao, macho yamevimba.

"Pole Bibi. Ni mtandao tu."

"Mama yako amelala vizuri?"

"Vizuri, Bibi. Kulikuwa na jua."

"Mlifanyaje, mlipoona sipo?"

"Tuliendelea tu, Bibi." Akatazama pembeni. "Ilikuwa haraka."

Nikamshukuru Mungu kwa hilo, kwamba ilikuwa haraka.

Asubuhi yake Henrik alituma picha nzima ya maziko, ambayo kompyuta yao ilikuwa inarekodi yenyewe. Nadhani yeye hakufikiria. Yoeli akaniuliza, "Bibi, uko tayari?" Nikamwambia aweke.

Nikaona majani ya njano. Nikaona mchungaji anafunga kitabu, wanaume wanashika kamba. Nikaona anaponyamaza, kama tulivyopatana. Brenda akainama, uso wake ukajaa.

"Bibi? Ni zamu yako."

Akangoja. Akafuta kompyuta kwa mkono wa koti, kana kwamba mimi nimefunikwa na ukungu.

"Bibi, upo?"

Nyuma yake wanaume wamesimama na kamba, mikono inaanza kutetemeka. Henrik akasema neno. Brenda akamjibu kwa ukali, nadhani alimwambia wangoje. Wakangoja. Upepo ulikuwa unavuma kwenye spika. Mtu mmoja akakohoa. Mchungaji akaangalia saa yake, akaficha mkono. Brenda akainama tena, safari hii sauti ilikuwa ndogo.

"Bibi, mimi silijui jina. Mama hakuniambia. Niambie, nitamwita mimi."

Wakangoja tena. Kisha akasimama, akamgeukia mama yake, akasema kwa Kiswahili, "Mama, Bibi hayupo." Na wale wanaume wakateremsha.

"Nipo," nikasema pale mezani. "Nipo, mama. Ndekirwa, nipo hapa."

Yoeli alikuwa ameweka kichwa juu ya meza. Udongo ulianguka pale kwenye picha, kwa beleshi dogo lenye mpini mrefu, na mimi nikaendelea kuita, ingawa nilijua kwamba ilikuwa ni jana.

Mlango ulikuwa wazi. Nilipogeuka nikamwona Sumari amesimama nje ya kizingiti, kofia kifuani. Sikujua amesimama tangu lini, ila kwa pale alipo kompyuta haionekani, na masikio yake si mazuri.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, baba. Ingia."

Hakuingia. "Nimesikia picha imekuja."

"Imekuja."

"Nataka unieleze jambo moja, nisilale nalo tena." Midomo yake ilikuwa mikavu, alionekana hajala tangu jana. "Walikungoja? Walisimama wakakungoja useme, kwa ajili ya ile kamba yangu?"

Yoeli aliinua kichwa, akanitazama.

"Hawakungoja," nikasema. "Wale watu wanakwenda na saa, shemeji. Mchungaji alifunga kitabu, wakateremsha palepale. Hata uzi ungekuwa mzima, nisingewahi."

"Kweli?"

"Kweli. Ilikuwa haraka."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo. Akaingia, akakaa kwenye kigoda. Nikamwambia Yoeli azime, amletee babu yake chai na ndizi zilizobaki. Sumari alikula zote, taratibu, kwa mikono miwili, na mimi nikamwongezea.